Kamera Haitaniinua

Sumbawanga, huku Viwanjani
alasiri, wewe ukiwa mjini kuaga

Skola mwanangu,

Umetoka hapa baada ya chakula cha mchana kwenda kuwaaga wenzako wa ofisi ya ardhi, na kabla hujafunga geti ukanigeukia ukasema tena: "Mama, niahidi basi hutahama kwenye nyumba hii. Niende Dodoma na moyo mtulivu." Mimi nikajifanya nachambua maharage. Maharage yale nilikuwa nimeshayachambua tangu asubuhi, nilikuwa natafuta pa kuweka macho tu.

Sasa nakujibu. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwa mdomo tutagombana. Wewe ukigombana unaleta maneno ya chuo, mimi naleta ya jikoni, tunanuniana, halafu basi linaondoka alfajiri tukiwa hatujaagana vizuri. Barua hii nitaitia kwenye begi lako, juu ya unga wa ulezi. Ukianza kutafuta unga utaikuta.

Mambo ya kula kwa wakati na kupasi nguo sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, usipokula ni shauri lako na tumbo lako. Nataka kusema juu ya ukuta huu ulionijengea, na juu ya ile picha uliyonionyesha jana kwenye simu ukiwa umetabasamu mpaka magego yakaonekana. Nyumba inayojitegemea, ukasema. Geti jeusi, ukoka uliokatwa, barabara pana kupita uwanja wa mpira. Nikakuuliza, "Watu wako wapi?" Ukacheka, ukanijibu, "Mama, ndiyo uzuri wake. Pametulia."

Pametulia! Hata makaburini pametulia, tena kule hawakudai kodi ya miezi sita.

Usinune. Ninayemcheka zaidi ni huyu mwanamke aliyeshika kalamu, maana ugonjwa wa viwanja niliuugua kabla yako. Unakumbuka tulivyokaa Majengo? Vyumba viwili vya kupanga, na ukuta mmoja tunagawana na Mama Kizito. Ukuta wenyewe wa matofali yaliyolazwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Mama Kizito akikaa upande wake anapika maandazi, anasikia sufuria yangu ikitelekwa, na asubuhi ananiambia bila haya: "Mama Skola, jana mlikaanga samaki, tena migebuka. Nilisikia."

Nilikuwa nakasirika, we acha tu. Nilijiona, mwanangu. Nimeolewa na mtumishi wa serikali kutoka Mbeya, nina kabati la vioo, nina seti ya vikombe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea, halafu muuza maandazi anajua nimekula nini? Kila mtu pale nilimwona wa hovyo. Baba Kizito wa hovyo kwa sababu alipiga mswaki barazani. Wale vijana wa gereji wa hovyo kwa sababu waliniita "mama yetu" na mimi sikuwazaa. Nikamwambia baba yako, Mungu amrehemu: "Nataka kiwanja changu. Nataka mahali nikikohoa pasiwe na mtu wa kuniambia pole."

Basi nimepapata.

Baba yako hakutaka, na hilo unalijua. Ofisi yake ilikuwa hatua chache, saa sita anarudi nyumbani kula ugali wa moto, anapumzika, anarudi kazini. Aliniuliza swali moja tu: "Mama Skola, huko tutakwenda kukaa na nani?" Nami nikamjibu kwa madaha, mkono kiunoni, "Na heshima yetu." Heshima! Tumekaa nayo miaka yote hii, na haijawahi kutugongea hata kuomba chumvi.

Cha kwanza nilichokutana nacho huku ni upepo. Majengo nyumba zinakingana. Upepo wa Ufipa ukishuka mwezi wa sita unagonga paa la kwanza, unagonga la pili, ukifika mlangoni kwako umeshachoka. Huku unakuja moja kwa moja kutoka nyikani, unaingia chini ya mlango kama mwenye nyumba. Mkaa unaokwisha huku kwa wiki, Majengo ungenifikisha mwisho wa mwezi. Na yule mama wa Kipili, kule ziwani, aliyekuwa anapita Majengo na beseni la samaki, akiita kwa wimbo wake, huku alikuja siku moja tu. Alitembea kutoka geti hadi geti, kila geti mbwa, kila geti kimya, akafika kwangu jasho linamtiririka. Akaniambia, "Dada, nyie huku mnakula nini?" Hajarudi tena, na simlaumu.

Halafu pombe. Habari ya pombe hujawahi kuisikia yote, maana ulikuwa shule ya bweni.

Msimu wetu wa kwanza huku niliutazama uwanja ulivyobaki mkubwa nyuma ya nyumba, nikasema hapa nalima kama walivyolima kwetu Mwimbi. Unaikata nyasi, unaifukia kwenye vichuguu vya udongo, ntumba zile, inaozea humo, unapanda maharage, mwaka unaofuata unavitawanya vichuguu na kupanda ulezi. Ni kazi ya watu wengi. Na kwetu watu wengi hawaitwi kwa barua. Unaloweka ulezi, unauotesha kimea, unasaga, unapika pombe, unatangaza siku. Watu wanakuja na majembe yao, wanalima mpaka jua limekaa vizuri, halafu wanakunywa wanaimba. Sijawahi kuona nyumba iliyopika pombe ikakosa watu. Kwa hiyo nikapika. Baba yako mlokole, hata kuonja haonji, lakini alinisaidia kubeba kuni, akinung'unika kwa Kinyakyusa ili nisielewe.

Nikapita geti kwa geti kualika. Wa kwanza alizungumza nami kupitia kile kitundu cha kuchungulia, nikaona jicho moja na nusu ya pua. "Ni sherehe ya nini, mama? Kadi iko wapi?" Nikamwambia si sherehe, ni kulima. Jicho likapepesa. Wa pili, mtumishi mwenzake baba yako, tena wa Mbeya vilevile, akasema ataangalia ratiba yake. Wa tatu alimtuma dada wa kazi alete kreti ya soda siku hiyo, pamoja na salamu kwamba tumpigie picha. Ebo! Picha ya nini? Ya udongo?

Siku ikafika. Nilivaa kitenge, nikapanga vikombe, nikakaa. Hakuja mtu. Nikaacha geti letu la kwanza, la mabati, wazi, nikadhani labda wanaona haya kugonga. Akaingia mbuzi wa nani sijui, akanusa mtungi, akatoka. Jua lilipopanda sana baba yako alitoka ndani na suruali yake ya ofisi, akachukua jembe akaanza kulima. Mtu wa karatasi yule, mikono laini. Nikaingia kulima naye. Tulifanya vichuguu vichache vibaya sana, tukavimba viganja, na pombe ikazidi kuchacha huku tunaitazama.

Kesho yake nikaita guta, nikapakia mitungi, nikaipeleka Majengo. Sikuwa nimewaalika watu wa Majengo, Skola. Niliona aibu waje na miguu yao ya vumbi kwenye kiwanja changu kipya. Mama Kizito akachota, akaonja, akafumba jicho moja. "Pombe hii imekasirika," akasema. "Ilikuwa inamngoja nani?"

Waliinywa yote vilevile, na ilivyokuwa chungu wakaisifia.

Sasa ninyi wa ardhi mnakaa huko ofisini mnachora ramani. Umeniambia neno lenu, "makazi holela". Nilikuuliza maana yake ukasema ni pale watu wanapojenga wakisongamana bila mpangilio. Basi bibi yako alizaliwa kwenye makazi holela, na mimi pia. Umefika Mwimbi, umeona. Ardhi ipo mpaka macho yanachoka kutazama, lakini nyumba zimekaa moshi kwa moshi, ukitupa ganda la muwa linaanguka kwa mwingine. Hawakukosa nafasi wale. Nafasi waliipa mahindi na ulezi. Bibi yako alikuwa akisema, "Shamba liwe mbali, jirani awe karibu." Sisi wasomi tumegeuza: jirani tumemtupa mbali, na shamba lenyewe hatulimi, tumepanda ukoka.

Nimeishi maisha marefu kiasi cha kuiona na miji mikubwa, usidhani nasemea Majengo tu kwa ushamba. Dar nimekaa Kariakoo kwa mama yako mdogo Leokadia, juu kabisa ghorofani. Ngazi zinaua magoti, maji yanapanda kwa ndoo, chini spika zinapiga kelele mpaka meno yanacheza. Nililalamika kila siku. Lakini nilishuka kununua nyanya nikarudi na mashoga wawili, na mmoja wao mpaka leo ananipigia simu kila Pasaka. Halafu nikaenda kukaa kwa baba yako mdogo, kule pembeni ya mji ambako ukisema "naenda mjini" unaaga kama msafiri. Nyumba, mama! Vyumba ambavyo hakuna anayelala. Kochi bado lina nailoni. Shemeji anaondoka hakujapambazuka, anarudi watoto wamelala, Jumapili analala yeye. Jumba lile analifaidi dada wa kazi peke yake, na naye alikuwa ananishukuru kwa kumsemesha. Baba yako mdogo akaniuliza, "Shemeji, unaonaje, pazuri?" Nikasema pazuri. Ningesema nini, na nimekula chake?

Na Dodoma yenu nimeiona tulipokwenda kwenye usaili wako. Kila kitu kimepimwa, kimenyooka, na kila kitu kiko mbali na kingine. Tulipanda bodaboda kutoka ofisi moja kwenda ofisi inayosemekana ni ya jirani. Nilitafuta kivuli, nikaonyeshwa kibao kinachosema kivuli kitapandwa. Sawa, labda kitaota. Lakini mji gani huo ambao mtu anahitaji nauli ya kwenda kununua chumvi?

Najua utakachosema. Utasema, Mama, Majengo choo kimoja kaya nne. Mama, kuhara kulipoingia kulipita nyumba hadi nyumba. Mama, moto ukiwaka gari la zimamoto halipiti. Ni kweli, mwanangu, yote ni kweli, na mtoto wa pili wa Mama Kizito alikufa kwa kuhara kule, sitakudanganya kwamba palikuwa peponi. Basi chimbeni mitaro. Pitisheni bomba. Ongezeni vyoo, mbomoe vibanda viwili vitatu gari lipite. Hiyo ndiyo kazi niliyokusomeshea. Lakini ninyi dawa yenu ni moja tu, kuwatawanya watu porini, kila mtu na ukuta wake. Mtu akiumwa jino hakatwi kichwa.

Sasa tuje kwenye ile siku, maana ndiyo iliyokufanya utake ahadi, na ndiyo inayonifanya nikunyime.

Mwezi uliopita nilitoka kuanua nguo mvua ilipotanda. Nikateleza kwenye marumaru ulizoniwekea barazani, zile unazosema ni za kisasa. Nilianguka kwa nyonga, nikasikia kitu ndani kikisema ka! Sikuweza kuinuka. Na upande wa pili wa ukuta jirani alikuwepo, Skola. Nilimsikia. Alikuwa anasikiliza mpira redioni, anakohoa, anavuta kiti. Nikaita, "Jirani!" Nikaita tena. Nikaita, "Jamani, nakufa huku!" Mvua ikaanza. Yeye akaongeza sauti ya redio.

Nilibaki pale nimelowa mpaka ulipotoka kazini. Unajua nini kiliniuma kuliko nyonga? Nilikuwa naita "jirani, jirani" kwa sababu sijui jina lake. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka yote hii, na siku ya kufa sina jina la kuita. Kesho yake alikuja na machungwa, kijana mzuri tu, mpole, ananiamkia shikamoo ameinama. Akasema, "Mama, nilisikia sauti, nikadhani ni tamthilia kwenye runinga yako." Hakusema uongo. Ndivyo tulivyojengewa.

Na wewe mwanangu ulinifunga bandeji, ukalia, halafu ukafuta machozi ukasema, "Nitakuwekea kamera, Mama. Nikiwa Dodoma nitakuona kwenye simu." Ukaileta kweli, ndani ya boksi lake, na ukaongeza waya wa miba juu ya ukuta. Nashukuru kwa moyo wako. Lakini hebu tuseme ukweli. Kamera itaniinua? Utaniona nimeanguka, utakuwa Dodoma unaitazama simu na kupiga mayowe kwenye chumba ambacho na wewe hakuna anayekusikia. Tutakuwa wawili wa kutazamana. Mfyuu!

Wewe hukumbuki, ulikuwa mdogo, lakini uliwahi kushikwa na degedege. Jua la mchana, baba yako yuko Matai kikazi. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Nililia mara moja tu. Mara moja, Skola. Sijavuta pumzi ya pili, Mama Kizito ameshaingia, unga wa maandazi mpaka kwenye viwiko, kanga haijafungwa vizuri, na nyuma yake Baba Kizito, yule wa hovyo wa mswaki, anageuza baiskeli. Mmoja alikushika kichwa, mmoja akakanyaga pedeli, mimi nikakimbia nyuma bila viatu. Hospitali ilikuwa mtaa wa pili. Daktari alisema mmewahi. Ukuta ule mbovu niliokuwa nautukana ndio uliokuacha hai uje unijengee huu mzuri.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sikuahidi na siahidi.

Kesho nitakusindikiza stendi. Basi likiondoka, mimi sirudi Viwanjani. Begi langu nimeshalifunga, liko chini ya kitanda, usingeliona. Nyumba tutampangisha yule afisa mgeni anayetafuta pa kukaa na familia yake. Anapenda geti kweli, alilisifia kuliko sebule. Nimemwachia na ukoka. Kamera yako nimeiweka kwenye begi lako la viatu, nenda nayo ukamtazame nani sijui. Najua utakasirika. Kasirika, lakini ukinipenda usinitafutie mtu wa kunirudisha.

Na kwako sina amri. Nina ombi moja. Kabla hujalipia hiyo nyumba ya pichani, nenda ukasimame uani, uite "Jirani!" kwa sauti yako yote. Usione haya, Dodoma hakuna anayekujua. Akitoka mtu kuuliza kuna nini, hata kama amekunja uso, lipia, kaa, na umuulize jina lake siku hiyohiyo. Kukiwa kimya, chukua begi lako utafute chumba ambako watu wanagombania kamba ya kuanikia.

Mimi chumba nimepata. Ni kilekile chetu cha ukutani kwa Mama Kizito, mpangaji wake amehamia Mpanda. Juzi nilikwenda kukiangalia nikichechemea. Mama Kizito amezeeka, hapiki tena maandazi, anakaa mlangoni na sweta mbili. Aliniuliza, "Unakuja na lile kabati lako la vioo?" Nikasema kabati linabaki. Akasema, "Afadhali," akanipa ufunguo.

Nikaingia peke yangu, nikakaa kwenye kitanda kisicho na godoro. Nikautazama ule ukuta. Sijui kilichoniingia, nikanyoosha mkono nikaugonga kwa kidole, taratibu, mara moja tu, na Mama Kizito alikuwa ameshaingia chumbani kwake.

Upande wa pili akajibu: "Nini, Mama Skola?"

Nililia pale mpaka akanisikia, akaja.

Mama yako,
wa Majengo